Shamba Nililoliandika Pori

Vijana, mtu akiwaambia kwamba hakimu mstaafu ana hekima, mwombeni awaonyeshe iko wapi. Mimi nilichotoka nacho kazini ni miwani, kiuno kibovu na tabia ya kusoma kila karatasi mpaka chini, hata ile iliyofungia maandazi. Mke wangu anasema huo ni ugonjwa. Nimemjibu kwamba angeolewa na dereva wa lori angelalamikia harufu ya dizeli.

Aliyenitaka niwaandikie ni Zaituni, mtendaji wa kijiji kimoja upande wa Matambarale. Alisema ninyi watendaji wapya na makarani wa mahakama wa Nachingwea na Ruangwa mngependa kujua sisi wa zamani tulifanyaje kazi bila kompyuta. Nilimwambia tulifanya makosa kwa mkono. Akasema, basi babu, andika hayo hayo.

Mimi ni Mngoni wa Songea, jina langu Bonifasi. Nilikuja huku nikiwa na cheti cha kidato cha nne na suruali moja ya heshima, nikaajiriwa ukarani wakati Ruangwa haijawa wilaya. Baadaye nikawa hakimu wa mahakama ya mwanzo. Nilianza na chama kimoja na vijiji vya ujamaa, nikaja kuviona vyama vingi na soko huria. Kila mageuzi yalipokuja tuliitwa semina, tukaambiwa kwamba yaliyotangulia yalikuwa makosa. Tulipiga makofi. Aliyekuwa ameyaandika hayo yaliyotangulia, kwa mwandiko mzuri na nakala tatu, ni mimi.

Msicheke bado. Nanyi mtaitwa semina.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Hamisi, hakimu wa Nachingwea, Myao mfupi aliyekuwa na sauti ndogo kiasi kwamba watu wote mahakamani walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Mimi nilidhani ni koo. Baada ya miaka miwili nikamsikia akimfokea mbuzi aliyeingia kwenye shamba lake la ufuta, nikajua kwamba koo lilikuwa zima kabisa.

Mzee Hamisi alikuwa na meza nzito ya mninga ambayo watu walisema ilitoka kwenye boma la Lindi, wakati wa Mjerumani. Alipenda kuipiga kofi na kunieleza wasifu wake. Alisema, "Meza hii imemtumikia Mjerumani, ikamtumikia Mwingereza, sasa inatutumikia sisi. Haijawahi kupewa onyo wala kuhamishwa kituo. Unajua kwa nini? Haijawahi kusema kitu." Nilicheka, kisha nikaamua kwamba hiyo ndiyo siri ya kazi. Kwa miaka mingi nilijitahidi kuwa samani ya serikali, na nawahakikishia niliweza.

Mambo mengine aliyonifundisha bado yanafaa, yachukueni. Mlalamikaji mwenye hasira mpe nafasi ya kwanza na usimkatize, akimaliza hasira ndipo atakapoanza kusema ukweli. Shahidi akikutajia saa kamili na dakika zake, muulize ana saa ya nani. Ukiandika jina la mwenye shamba huku kwetu, usiishie kwenye jina la baba, maana Wamwera hurithi upande wa mama. Muulize mjomba wake ni nani, la sivyo umeandika nusu ya mtu. Na mzee wa baraza akisinzia wakati wa ushahidi, usimwamshe kwa kumwita jina. Angusha kitabu. Heshima yake itabaki, na mwenzake naye ataamka.

Vyama vingi vilipoingia, watu walianza kuja mahakamani wamevaa fulana za vyama vyao. Kesi ilikuwa ya kuku, lakini upande huu wamekaa wa rangi moja na upande ule wa rangi nyingine, na kuku mwenyewe katikati hajui hata kadi inanunuliwa wapi. Nikatoa amri kwamba fulana zote zivaliwe nje ndani. Wakatii. Mlalamikaji akaniambia kwamba mshono unamkwaruza, nikamwambia hata mimi mageuzi yananikwaruza lakini nimevaa.

Nimezunguka vya kutosha. Nilichotakiwa kuwaeleza ni kile kilichoniuma, nacho kilianza nikiwa bado karani, mwaka ule watu walipohamishwa kutoka kwenye mashamba yao ya zamani kupelekwa kwenye vijiji vipya kando ya barabara.

Kazi yangu ilikuwa kupita na kamati kwenye maeneo yaliyohamwa na kujaza fomu. Kulikuwa na mahali pa kuandika hali ya eneo, na maelekezo yalikuwa mepesi: mwenyewe akikutwa, andika shamba na jina lake, asipokutwa mtu, andika pori. Sasa fikirini wenyewe. Watu walikuwa wamebebwa na malori wiki tatu kabla. Sisi tukaja nyuma yao kuuliza kama wapo. Hakuna aliyeliona jambo hilo kuwa la ajabu, na mimi niliyekuwa na kalamu ndiye niliyeliona la kawaida kuliko wote.

Ulikuwa msimu wa korosho. Siku moja, upande wa Matambarale, wenzangu wa kamati na mgambo wawili walipumzika kisimani, mimi nikatangulia. Nikaingia kwenye shamba la mikorosho iliyopandwa kwa mistari, safi chini, imefagiliwa. Pori gani linafagiliwa? Nikamkuta mwanamke kijana anaokota korosho, amefunga kanga kifuani, ndoo imejaa nusu. Aliponiona alisimama tu. Kwa sheria ya wakati ule alitakiwa awe kwenye kijiji kipya. Mgambo wangemkuta pale wangemrudisha kwa viboko, na ndoo wangeichukua wao.

Hakuniomba kitu. Aliokota mabibo matatu mekundu akanipa, kama mtu anayempokea mgeni nyumbani kwake. Nilikuwa na njaa, nikala. Kisha nikamwonyesha kwa kidole njia ya kupitia bondeni, akaondoka na ndoo yake kichwani bila kukimbia. Wenzangu walipofika wakaniuliza kama kuna mtu. Nikasema hakuna. Na ili pasiwe na swali la pili nikaandika papo hapo, wakiniangalia: pori, hakuna mtu. Maji ya bibo yalikuwa bado mkononi, yakadondokea pembeni ya fomu. Mnalijua doa la bibo, halitoki.

Siku ile nilirudi Ruangwa nikijiona mtu mwema. Nilimwokoa mwanamke wa watu na viboko kwa maneno matatu tu. Mwenyekiti wa kamati alinisifu kwa fomu safi, ukiacha lile doa, na haukupita mwaka nikapendekezwa kwenda kusomea uhakimu.

Miaka ikapita karibu ishirini. Ile mikorosho ya zamani watu walikuwa wameiacha, mingine imeliwa na moto. Halafu korosho ikapata soko upya, salfa ya kupulizia ikapatikana, na kila mtu akakumbuka alikuwa na babu aliyepanda mikorosho mahali fulani. Mimi nilikuwa hakimu Ruangwa. Asubuhi moja karani akaniletea jalada jipya la madai. Mdai ni Bi Somoe, mkulima, Mmwera, anadai shamba alilorithi kwa mjomba wake. Mdaiwa ni Bwana Salumu, ambaye amepewa eneo hilo na halmashauri ya kijiji kwa kuwa lilikuwa pori. Kielelezo cha mdaiwa kilikuwa fomu ya zamani.

Niliisoma mpaka chini, kama kawaida yangu. Saini ilikuwa yangu, ile ya ujanani yenye mkia mrefu. Pembeni kulikuwa na doa la kahawia.

Nataka mmwelewe Bwana Salumu, hakuwa mwizi. Alikuta kumbukumbu za serikali zinasema pori, akaomba pori, akapewa pori, akalipulizia salfa kwa jasho lake. Kosa lake lilikuwa kuamini karatasi ya serikali, na mimi ndiye niliyekuwa serikali.

Siku ya kusikilizwa, Bi Somoe alisimama akasema siku ya kuandikwa mashamba yeye alikuwa ndani ya shamba lake, anaokota korosho. Salumu akauliza nani alimwona. Kwa kazi yangu ikabidi niulize mimi.

"Mama, una shahidi?"

"Nnaye, Mheshimiwa," alisema, akiniangalia usoni bila haraka. "Ila ni Mngoni. Sijui kama Wangoni huwa wanaona."

Watu wakacheka. Mjue kwamba Wangoni na Wamwera ni watani tangu vita vya mababu, na mtani hashitakiwi kwa kudharau mahakama. Sheria haisemi hivyo, lakini jaribuni mwone kama mtapata mzee wa baraza wa kuwaunga mkono. Mmoja wa wazee wangu aliyekuwa amesinzia aliamka bila kitabu kuanguka. Nilicheka na mimi, kwa sauti kubwa kuliko wote, kisha nikaahirisha kesi ili twende kuliona shamba.

Shambani tulikwenda wote, wazee wa baraza, karani, wadaawa na jamaa zao. Mikorosho ilikuwa ile ile, imenenepa. Nilipima mipaka, nikahesabu mistari, nikafanya kila kitu ambacho hakimu hufanya anapoogopa kusimama. Bi Somoe alingoja wenzangu watangulie kwenda kuona mpaka wa bondeni. Akaokota bibo, akalifuta kwa upindo wa kanga, akanipa.

"Kula, mtani. Siku ile ulikula matatu."

Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba niliandika vile ili asipigwe, kwamba nilitaka kumsaidia.

"Najua," akasema. "Nimekushukuru miaka yote. Mgongo wangu haukuguswa." Akatazama mikorosho yake. "Lakini sikiliza, we Mngoni. Babu zako walikuja na mikuki, shamba wakatuachia. Wewe umekuja na kalamu."

Nilikula lile bibo kwa sababu sikujua la kufanya na mikono. Nililia kidogo pia, nikasingizia mbu.

Mimi, msomi wa taratibu, nikajipangia mpango wa kisomi. Nitaandika hukumu nzuri, nitampa Bi Somoe shamba, sababu nitazipata kwenye umri wa mikorosho, na hakuna atakayejua ile saini ni ya nani. Kila mtu atapata chake na mimi nitabaki na cha kwangu. Cha kwangu hakikuwa kidogo, jina langu lilikuwa kwenye orodha ya kwenda chuo Dar es Salaam kuongeza elimu ya sheria. Na zilikuwa siku mbaya za kukiri mambo. Ukisema fomu za ile operesheni ya kuhamisha watu zilikuwa za uongo, wa chama hiki watasema umenunuliwa na wapinzani, na wapinzani watasema ndiyo kwanza unaanza kukiri, bado mengine.

Kabla ya kuandika nilipanda baiskeli mpaka Chiola kwa Mzee Hamisi, aliyekuwa amestaafu analima ufuta. Nilimkuta anapiga ufuta kwenye turubai. Nikamweleza yote, na mpango wangu nikaueleza kwa fahari kidogo. Aliendelea kupiga ufuta mpaka nikamaliza.

Akaniuliza Salumu akikata rufaa itakuwaje. Nikasema jalada litakwenda wilayani. Akauliza wilayani watasoma nini. Jibu nililijua. Watasoma fomu ya serikali inayosema pori, hakuna mtu, na upande wa pili neno la mwanamke asiye na shahidi. Hukumu yangu nzuri ingefutwa kabla chai haijapoa.

"Sasa shahidi yuko wapi?" akauliza.

"Amekaa kwenye kiti cha hakimu."

"Basi ashuke."

Nikamkumbusha habari ya meza. Nikamwambia ni yeye aliyenifundisha kwamba anayedumu kazini ni asiyesema kitu. Mzee wa watu aliacha fimbo ya kupigia ufuta, akanitazama kama amemwona yule mbuzi wake.

"Bonifasi, nilikuwa nakutania," akasema. "Meza haitoi ushahidi. Ndiyo maana hailipwi mshahara."

Nimefikiria mara nyingi kwamba niliiga mzaha kwa karibu miaka ishirini nikidhani ni mafunzo. Vijana, mkubwa wenu akiwapa hekima, muulizeni kama anacheka moyoni.

Nikaandika barua ya kujitoa katika kesi. Akaletwa hakimu mwingine kutoka Nachingwea, kijana mwenye tai. Siku ya kesi nilikaa nje kwenye benchi na mashahidi wengine, kati ya mtu wa kesi ya ng'ombe na mama wa matunzo ya mtoto, wote wakiniamkia "Shikamoo, Mheshimiwa" kwa mashaka. Karani wangu mwenyewe aliniita kwa jina kamili mara tatu mlangoni, kama utaratibu unavyotaka, ingawa nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Kizimba nilikuwa nimekiangalia kutoka juu miaka yote, sikujua kwamba ubao wake mmoja umelegea. Nikaapa kwa Biblia.

Nikasema yote. Mwanamke, ndoo, njia ya bondeni, mabibo matatu, doa. Nikatambua saini. Salumu alipopewa nafasi ya kuniuliza, hakupoteza muda.

"Mheshimiwa, wakati ule uliandika uongo?"

"Ndiyo."

"Na leo unasema kweli?"

"Ndiyo."

"Tutajuaje?"

Lilikuwa swali zuri, ningekuwa kitini ningelipigia mstari. Nikamjibu, "Ule uongo ulinipa kazi hii, Bwana Salumu. Ngoja uone ukweli utanipa nini."

Ukweli ulinipa barua ya onyo kali, kwa kuandika taarifa isiyo sahihi katika waraka wa serikali. Nafasi ya chuo akapewa mwingine. Nikahamishwa kwenda mahakama ndogo ambako paa lilivuja juu ya kiti cha hakimu peke yake. Pande zote za kisiasa, zilizokuwa hazikubaliani hata tarehe ya leo ni ngapi, zilikubaliana kwamba mimi si wa kuaminika. Bi Somoe alipewa shamba lake. Salumu alikata rufaa, akashindwa, na wazee wakamtafutia eneo jingine ambalo kweli lilikuwa pori, nililikagua mwenyewe kwa miguu yangu kabla hajapewa.

Kila msimu tangu wakati huo, Bi Somoe alinitumia kikapu cha mabibo popote nilipohamishiwa. Aliyekileta alikuja na ujumbe uleule: "Bibi anasema ni matunda ya porini."

Mngependa niishie hapo, nami ningependa. Lakini siku ile ya Matambarale niliandika pori mara kumi na moja. Hilo moja nimelirekebisha kwa sababu mwenyewe alinipa mabibo nikamwona sura. Wale kumi wengine sikuwaona, na wao hawakuwa na shahidi hata wa Kingoni. Mashamba yao yalikwenda. Hakuna aliyeniandikia onyo kwa hayo, na naona aibu kuwaambia kwamba nililala usingizi mzuri miaka mingi.

Bi Somoe alifariki mwaka jana, akazikwa kule kwake. Zaituni niliyewatajia ni mjukuu wake, mtoto wa binti yake, na kwa mila yao shamba sasa ni lake. Wiki iliyopita alikuja kwangu hapa Nachingwea na kikapu cha mabibo begani na kishikwambi mkononi. Wanapima ardhi ya kijiji ili watu wapewe hati za kimila. Akanionyesha ramani, mistari ya rangi, mambo ya kupendeza. Akagusa shamba la bibi yake, likafunguka.

"Babu, mfumo umeingiza kumbukumbu za zamani zote," akasema. "Huku bado linasomeka pori, hakuna mtu. Hukumu haimo. Nikilitaka libadilike lazima niweke maelezo ya shahidi, la sivyo mfumo unakataa."

Nikavaa miwani. Ilikuwa kweli. Mwandiko wangu ule mzuri umeingia mle ndani, umesafishwa, hauna saini wala doa. Nikamuuliza kama yale kumi mengine nayo yamo. Akatafuta, akayapata yote, kimya kimya, yamejipanga. Tumekubaliana kwamba Jumatatu tutapanda pikipiki, twende tukaulize nyumba kwa nyumba wazee wa pale wanakumbuka nini. Kiuno changu kimeshaweka pingamizi, nimelitupilia mbali.

Kwanza lakini tulimaliza hili moja. Nililiuma bibo, maji yakanidondokea shatini, mke wangu akaguna huko jikoni. Zaituni alikuwa ameweka kidole tayari kwenye kioo.

"Nitajie, babu. Niandike nini?"

"Andika, Bi Somoe alikuwepo," nikamwambia. "Na mimi nilimwona."